Sura ya Sita: Nauli ya Kwenda Mpeta

"Kama habari zote ziko kwenye simu, tena bure, gazeti la nini?" Swali hili watu huniuliza kila ninapotaja kazi yangu. Ujiji, mkoani Kigoma, huuliza kwa haki kuliko Dar es Salaam, kwa sababu gazeti linalochapwa Dar hufika huko wakati habari yake imeshapoa na picha zake zimeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp mjini.

Nililisikia tena kwenye benchi la kahawa karibu na soko la Ujiji. Kijana wa bodaboda alikuwa akituambia kwamba Ziwa Tanganyika linafungwa tena, hakuna kuvua.

"Linafungwa lini?" mzee mmoja akamuuliza.

"Haijasema, mzee wangu."

"Na Kongo nao wanafunga?"

"Haijasema."

"Sisi tuliokopa hela za nyavu, marejesho yanasimama au yanaendelea?"

Kijana akaitazama simu, akacheka. "Mzee, haijasema. Ila imetumwa mara nyingi sana."

Yule kijana hakuwa mjinga wala mzushi. Alikuwa na habari, na mzee alikuwa na maswali ya msingi ambayo habari ile haikuyagusa. Sura hii inaeleza kwa nini maswali ya mzee yanazidi kukosa mtu wa kuyajibu, wakati simu zetu hazijapata kujaa maneno namna hii.

Kilichopungua ni nini hasa?

Maneno hayajapungua. Kilichopungua ni habari iliyofanyiwa kazi. Nikisema "uandishi bora wa habari" sina maana ya Kiswahili kizuri au karatasi nzuri. Nina maana ya habari ambayo:

- mtu amekwenda jambo lilikotokea, au amezungumza na aliyekuwapo;
- amewauliza wanaopingana, hakuishia kwa aliyempigia simu;
- ametafuta karatasi: risiti, hukumu, leseni, daftari la zahanati;
- kabla haijatoka, mtu wa pili ameikagua na kumbana kwa maswali. Huyo wa pili ndiye mhariri.

Mambo matatu ya mwanzo yanadai nauli, chakula na pa kulala. La nne linadai mshahara. Hakuna hata moja ambalo intaneti imelifanya kuwa bure. Intaneti imefanya jambo jingine kuwa bure, nalo ni kusambaza. Zamani kuifikisha habari Kigoma kulihitaji mtambo wa kuchapa, karatasi na treni. Leo inatosha kidole. Kwa kuwa kusambaza na kutafuta vilikuwa vikilipiwa kutoka mfuko mmoja, mfuko ulipotoboka kwa upande wa kusambaza, na pesa za kutafuta zikamwagika. Hoja yote ya sura hii iko hapo, na sitaondoka hapo.

Mwandishi aliyelipiwa kuja Ujiji

Habari iliyopata umaarufu kuliko zote kutoka mwambao huu ililetwa na mtu aliyelipwa na gazeti. Oktoba 1869, James Gordon Bennett mdogo, mwenye gazeti la New York Herald, alimwita Paris mwandishi wake Henry Morton Stanley na kumtuma akamtafute David Livingstone, mmisionari wa Kiskoti ambaye Ulaya hawakuwa na hakika kama yu hai. Stanley alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1871 akakuta pesa alizozitarajia hazipo. Ilibidi balozi mdogo wa Marekani kisiwani, Francis Webb, amdhamini ndipo akanunua merikani, shanga na waya, bidhaa zilizotumika kama fedha njiani. Akaondoka Bagamoyo mwezi Machi na msafara wa watu karibu 200, Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa wakuu wake, na Novemba akamkuta Livingstone Ujiji.

Tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya mwembe wa Ujiji na salamu ile maarufu, "Daktari Livingstone, kama sikosei?". Mimi huiangalia upande wa hesabu. Gazeti moja, lililokuwa likiuzwa kwa senti mitaani New York, liliweza kulipia miezi ya safari, mizigo, wapagazi na walinzi ili kujibu swali moja: mzee huyu yuko hai? Tena majibu hayakuja kesho yake. Wasomaji waliyapata mwaka 1872. Kabla Stanley hajarudi, wawili hao walikwenda hadi kaskazini mwa ziwa wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia Tanganyika, hautoki. Wanajiografia wa London walikuwa wamebishana juu ya mto ule kwa miaka wakiwa wamekaa vitini. Ulipopatikana mtumbwi na watu wa kuupiga kasia, ubishi ukaisha.

Lakini tusimpambe. Bennett alikuwa akitafuta mauzo, si elimu. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku ya kukutana zimechanwa, na wapo wanahistoria wanaoamini ile salamu aliitunga baadaye. Miaka michache mbele mtu huyuhuyu alifanya kazi ya mfalme Leopold katika Kongo, na matunda ya kazi ile watu wa ng'ambo ya ziwa wanayafahamu kuliko mimi. Kwa hiyo kulipiwa nauli hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Ila asiyekwenda hana hata nafasi ya kusema kweli, labda abahatishe.

Gazeti lilikuwa likila wapi?

Wasomaji wengi hudhani gazeti liliishi kwa bei ya nakala. Sivyo. Bei ya nakala mara nyingi haikutosha karatasi, wino na usafiri. Gazeti liliishi kwa matangazo: zabuni za halmashauri, nafasi za kazi, minada ya benki, tanzia, sabuni na bia. Mfanyabiashara hakuwa akilipia uchunguzi wa dawa zilizoibwa hospitalini. Alikuwa akilipia macho yako, na pesa yake, bila yeye kukusudia, ndiyo iliyomlipia mwandishi basi la kwenda Kibondo.

Yakaja majukwaa, yaani kampuni kama Google na Facebook, ambazo hazitafuti habari bali hukusanya watu mahali pamoja na kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya kuwafikia. Tangazo kwenye simu ni rahisi, na linampata hasa mtu anayetakiwa. Wenye matangazo wakahama. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi hutunzwa, mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa kama dola bilioni 49 mwaka 2006. Kufikia 2022 yalikuwa chini ya bilioni 10. Majukwaa yanakamua, na ng'ombe kaachiwa mwenye gazeti amlishe.

Kwetu kuna pigo la ziada. Mteja mkubwa wa matangazo Tanzania ni serikali na taasisi zake. Gazeti lililopoteza matangazo ya sabuni linabaki linategemea matangazo ya wizara, na mhariri anayesubiri wizara ilipe deni huipima mara mbili habari ya waziri. Mwaka 2023 serikali yenyewe iliunda kamati chini ya Tido Mhando, mtangazaji wa miaka mingi, ichunguze hali ya uchumi ya vyombo vya habari. Asiyeumwa haitiwi daktari.

Wala zamani haikuwa pepo. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, ingawa watu wa wilayani waliliandikia. Radio Tanzania Dar es Salaam na Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lililoanzishwa 1976, vilikuwa sauti ya serikali na chama kimoja. Mtu wa Kigoma asingesikia humo kwamba mkuu wake wa mkoa amekosea. Hata hivyo SHIHATA walikuwa na waandishi mikoani wanaolipwa kila mwezi. Magazeti binafsi yalipofumuka baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, tukapata uhuru zaidi wa kusema. Mishahara ya mikoani haikufuatana nao.

*Kwa ufupi: msomaji hakuwahi kulipia gharama kamili ya habari. Mwenye tangazo alimlipia. Mwenye tangazo amehama, na hakuna aliyekaa kwenye kiti chake.*

Mpeta, Oktoba 2018

Sasa tuone ukosefu huu unavyoonekana kwenye ardhi ya Kigoma.

Oktoba 2018 polisi na wafugaji walipambana katika eneo la Mpeta, Nguruka, wilayani Uvinza, kwenye bonde la Malagarasi. Chanzo kilikuwa kuwaondoa wafugaji kwenye ardhi iliyohesabiwa kuwa ya ranchi ya taifa. Watu walikufa. Polisi walitaja vifo vichache, vikiwamo vya askari wao wawili. Tarehe 28 Oktoba, jijini Dar es Salaam, Zitto Kabwe, wakati huo kiongozi wa chama cha ACT-Wazalendo na mbunge wa Kigoma Mjini, aliwaambia waandishi kwamba kwa taarifa alizopata waliouawa walizidi 100. Akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Tarehe 29 Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani na kumwachia kwa sharti kwamba kwa mwaka mmoja asitoe maneno ya uchochezi.

Sitaki kuamua hapa nani alisema kweli. Nataka uangalie pengo. Upande mmoja wachache, upande wa pili zaidi ya mia, na katikati hakuna kitu. Tofauti ya namna hiyo haizibwi kwa hoja, inazibwa kwa kuhesabu: kwenda kaya kwa kaya, kuuliza nani hakurudi, kuangalia makaburi, kusoma daftari la kituo cha afya cha Nguruka, kuzungumza na familia za askari nazo zilizofiwa. Ni kazi ya wiki mbili au tatu kwa waandishi wawili, na wanasheria wa gazeti wakiwa macho. Nguruka kuna stesheni ya Reli ya Kati. Si mwisho wa dunia. Mimi binafsi sijasoma hesabu huru ya namna hiyo iliyochapwa wakati ule. Nilichosoma ni kauli za vinywa viwili, zikirudiwa na kila tovuti, kila moja ikiwa imeinakili nyingine.

Ni haki kuongeza kwamba nauli isingetosha. Mwezi uliotangulia Bunge lilikuwa limeibana Sheria ya Takwimu, ikawa hatari kuchapa hesabu inayopingana na ya serikali. Makali yale yalikuja kulegezwa 2019. Miezi kumi na moja kabla, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, alichukuliwa na watu wasiojulikana na hajaonekana tena. Mhariri aliyefikiria kumtuma mtu Mpeta alikuwa na hayo kichwani. Umaskini na woga huingia chumba cha habari kwa mlango mmoja: gazeti lenye pesa huajiri mwanasheria na kumtetea mtu wake, gazeti lililofilisika humwambia ajitafutie.

Mwandishi wa mkoani anaishije?

Ukitaka kujua kwa nini habari nyingi za Kigoma huanzia kwenye ukumbi wa mikutano, mfuate mwandishi wa mkoani kwa siku moja. Wengi wao ni waandishi wa kujitegemea, yaani hawana ajira wala mkataba. Hulipwa kwa kila habari iliyotoka. Haikutoka, hakuna malipo, hata kama amezunguka kutwa nzima kwa pikipiki ya kuazima. Simu ni yake, bando ni lake, na akiugua ni juu yake.

Asubuhi kuna semina ya shirika fulani kuhusu lishe. Kuna chai, kuna mgeni rasmi, na mwishoni kuna bahasha. Wenyewe wataiita nauli. Mchana kuna habari nyingine: wavuvi wa Katonga wanalalamikia tozo. Hapo hakuna bahasha. Kuna kupoteza saa nne na kujenga uadui na ofisa. Usiku anaandika ya lishe. Nani amlaumu? Mkono mtupu haulambwi, na watoto wake wanasoma.

Kosa liko kwenye mpangilio. Anayelipa nauli ndiye anayechagua safari. Mwandishi akilipiwa na gazeti huenda panapomhusu msomaji, akilipiwa na mwenye semina huenda kwenye semina, na asipolipiwa na mtu hukaa mjini akafuatilia mitandao. Ndiyo maana mkazi wa Mwanga, Kigoma mjini, anaweza kukueleza msanii Diamond Platnumz, ambaye asili yake ni hukuhuku Kigoma, amevaa nini wiki hii, lakini hajui halmashauri yake imetumia shilingi ngapi kwa stendi. Simlaumu Diamond. Habari yake haina gharama kuipata, na ina watazamaji.

"Boti imezama"

Wakazi wa mwambao wanaijua meseji hii. Huja usiku, mara nyingi na picha ambayo ukiichunguza utaona ziwa si letu. Hebu tufuate inachotakiwa kufanywa kabla ya kuiamini.

Kwanza ni kwenda mwaloni. Boti za kwenda vijiji vya kaskazini, hadi Kagunga mpakani na Burundi, huondokea Kibirizi, na huko kila nahodha anamjua mwenzake. Unauliza boti gani, ya nani, ilipakia wapi, nani aliiona mara ya mwisho. Pili ni karatasi: TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, linatakiwa kujua chombo kimesajiliwa kubeba wangapi. Orodha ya abiria, kama ipo, utalinganisha na wanachosema waliosukuma boti ile majini, maana aliyepandia njiani haandikwi. Tatu ni hospitali ya Maweni: wamepokewa wangapi, wazima na maiti. Nne ni kijijini, kama si Kigoma basi Mwamgongo au Kagunga, kuuliza nyumba gani zina msiba. Vijiji hivyo njia yao kuu ni maji. Kama ziwa limechafuka, unasubiri.

Desemba 2014, MV Mutambala ilipozama upande wa Kongo, taarifa za kwanza zilitaja waliokufa 26. Siku chache baadaye idadi ilikuwa 129. Hakuna aliyedanganya mwanzoni. Miili ilikuwa haijapatikana na watu hawajahesabiwa. Namba ya kwanza ya msiba wowote wa majini ni ya mtu aliye karibu na simu. Inayofuata ni ya watu waliokwenda ufukweni.

Simu haisubiri inayofuata. Mfumo wa majukwaa humlipa, kwa kupendwa na kusambazwa, yule wa kwanza. Anayekuja siku ya nne na hesabu sahihi hukuta watu wameshahamia jambo jingine. Wenye kurasa za habari wamelijua hilo, na ndiyo sababu vichwa vya habari vimejaa mishangao ambayo haina chochote ndani. Tuna methali inayotumiwa vibaya siku hizi, "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Nimeisikia ikitetea uzushi mwingi kuliko ukweli.

Ziwa lilipofungwa

Turudi kwenye maswali ya mzee wa kahawa, maana hayakuwa ya kuungaunga. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu bila dagaa wala migebuka, katika mji ambao giza la mwezi likiingia mwalo mzima huamka. Anayeguswa si mvuvi tu. Yupo mama anayeanika, mbeba tenga, mwenye lori la kwenda Kasulu, muuza mafuta ya injini, mama lishe.

Tarehe za kufunga na kufungua zilijulikana kwa wote. Matangazo yalikuwa mengi. Mwandishi aliyepewa miezi mitatu na nauli angefuatilia mengine:

- Bei ya dagaa sokoni Kigoma ilikuwa ngapi kabla, katikati na baada ya kufunga, kwa kipimo kilekile?
- Mikopo iliyoahidiwa wavuvi ilimfikia nani, kwa majina ya vikundi na tarehe?
- Ng'ambo, Uvira na Kalemie, mitumbwi ilitulia kweli?
- Baada ya ziwa kufunguliwa, chombo kimoja kilipata tenga ngapi kwa usiku, ukilinganisha na msimu uliopita?
- Watoto wangapi walihamishwa shule kwa sababu familia ilihama mwalo?

Swali la nne ndilo uti wa mgongo wa sera yenyewe. Kama samaki waliongezeka, wavuvi wangefunga ziwa kwa hiari mwaka unaofuata. Kama hawakuongezeka, serikali ingepaswa kujieleza. Watafiti wa uvuvi huwa na takwimu zao, lakini huandikia watafiti wenzao. Kazi ya kumletea mzee wa Ujiji jibu kwa lugha yake ni ya mwandishi, na ni kazi ya msimu mzima. Bandiko la asubuhi haliwezi.

Intaneti imeokoa pia

Ningekuwa mnafiki nikiishia hapo. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa Bujumbura, redio binafsi za Burundi zilishambuliwa na kuzimwa: RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance. Ni majuma yaleyale ambapo makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kupokelea. Waandishi wa redio zile, wengi wakiwa wamekimbilia Rwanda, walianza kutengeneza vipindi vya Humura na Inzamba na kuvirusha kwa intaneti. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu au Nduta mwenye simu aliweza kusikia habari za kwao kutoka kwa sauti alizozizoea. Bila intaneti wangenyamaza kabisa.

Hapa Tanzania, JamiiForums, jukwaa lililoanzishwa 2006, liliibua mambo ambayo magazeti yaliyaogopa, na mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwafichua watumiaji. Halafu zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018: leseni shilingi milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini fikiria kijana wa Kasulu aliyekuwa akiandika kwa simu habari za soko la maharage. Mwenye ukurasa wa udaku Dar alizilipa. Yule wa maharage hakurudi.

Tena bomba hili la intaneti lina koki, na koki iko mbali. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Redio nayo ina koki yake: Machi mwaka huohuo, amri ya Washington iliinyamazisha Sauti ya Amerika, idhaa ya Kiswahili ikiwamo, ambayo wazee wengi wa mwambao walipangia nayo jioni zao.

*Kwa ufupi: intaneti inaweza kubeba habari nzuri hadi kambini. Haiwezi kuitafuta, na hailipii anayeitafuta.*

Basi nani alipe?

Zipo njia zinazojaribiwa. Ruzuku za wafadhili, yaani pesa inayotolewa bila kurudishwa, zimewapeleka waandishi wa Tanzania vijijini tangu ulipoanzishwa mfuko wa vyombo vya habari Tanzania, TMF, mwaka 2008, na baadhi ya kazi nzuri nilizosoma kuhusu afya na maji zilitoka humo. Redio za jamii ni njia ya pili. Radio Kwizera, iliyoanzia Ngara katika miaka ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, imesikika hadi Kibondo na Kakonko na imejua mambo ya mpakani kuliko chumba chochote cha habari Dar. Udhaifu wa zote mbili ni uleule: mradi ukiisha, safari zinaisha, na mfadhili naye ana mada anazozipenda. Utapata pesa ya kuandika mabadiliko ya tabianchi kabla hujapata ya kuandika hati chafu ya ukaguzi ya halmashauri.

Njia ya tatu ni msomaji mwenyewe, na hapa watu huniambia Kigoma ni maskini. Tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa huu. Mtu mmoja kati ya kila mia akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, zinapatikana zaidi ya milioni 24 kila mwezi. Hizo zinatosha mishahara ya waandishi kadhaa na mhariri, na mafuta ya boti ya kwenda Kalya. Watu haohao hununua bando kila siku bila kulalamika. Ila pesa yote inaishia kwa kampuni ya simu, ambayo haijawahi kumtuma mtu Nguruka.

Kwa hiyo kiasi kinapatikana. Kigumu ni mkono wa kukishika. Halmashauri haifai, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuandikwa. Mbunge hafai kwa sababu hiyohiyo, na mfanyabiashara mkubwa wa mjini ana zabuni. Ushirika wa wavuvi una maslahi yake, lakini angalau unayajua ya mwaloni. Mimi ningeanza na mseto: vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialo, walimu waliostaafu, klabu ya waandishi wa mkoa, na mtu wa misikiti na wa makanisa, kila mmoja na kura moja, vitabu vya hesabu vikisomwa hadharani kila miezi mitatu. Wamwajiri mhariri mmoja kwa mkataba wa miaka miwili ambao hawawezi kuuvunja kwa sababu ya habari asiyoipenda mmoja wao. Na katika mkataba huo kiwemo kifungu kinachosema kwamba mchangaji yeyote, awe ametoa shilingi elfu moja au milioni moja, anaisoma habari siku wanayoisoma wengine.